Umepima taifodi mara nne na bado umechoka? Tuongee kuhusu thairoidi

Habari zenu wateja wa maabara yetu, wa hapa Kirumba, Mwanza, na nyie mnaovuka maji kuja kupima. Wiki hizi tumeulizwa sana kuhusu kipimo cha thairoidi, wengine wanaita tezi ya shingo, na maswali yamekuwa mengi mpaka nikaona bora niandike sehemu moja, maana pale dirishani hatupati muda wa kuongea vizuri na foleni iko nyuma.

Nianze na mama mmoja, ameniruhusu nisimulie ila jina linabaki kwetu. Anauza dagaa Mwaloni. Alikuja saa saba mchana, jua lile la Mwanza ambalo hata mawe yanatoa joto, yeye kavaa sweta na juu yake kajifunga kitenge. Nikamshika mkono kutafuta mshipa, wa baridi kama umetoka kwenye barafu ya samaki. Akafungua mkoba akatoa karatasi za vipimo zimekunjwa pamoja na risiti, nikazihesabu: taifodi mara nne, UTI mara tatu, malaria ndo usiseme, na dozi zote kamaliza. Mwaka mzima na zaidi. Sauti imekuwa nzito inakwaruza, uso unamvimba asubuhi hasa chini ya macho, choo anakaa siku nne hajapata, nywele zinabaki kwenye kitana, na kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba nyumbani wanamwambia siku hizi amekuwa mvivu. Mtu aliyekuwa anaamka saa tisa usiku kuwahi boti za mzigo kutoka visiwani, leo anaambiwa mvivu!

Sasa hiyo tezi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo, imekaa kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Inatengeneza homoni zinazoamua mwili wako uende mwendo gani, moyo, utumbo, joto la mwili, hata kichwa kufikiri. Ikizembea kila kitu kinapunguza mwendo, ndo maana mtu anahisi baridi watu wengine wakitoka jasho, anaongezeka uzito na chakula ni kilekile, anasahau, ngozi inakauka, na akina mama wengi siku zao zinakuwa nzito kuliko zamani. Na haiji kwa siku moja, inakuja polepole miezi na miezi mpaka mwenyewe unadhani ni umri.

Kipimo cha kuanzia kinaitwa TSH. Hapa wengi wanachanganyikiwa naomba msome taratibu: TSH nayo ni homoni, ila haitoki kwenye shingo, inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ambayo kazi yake ni kama msimamizi, ikiona homoni za thairoidi zimepungua inaongeza TSH kuihimiza ile tezi ifanye kazi. Kwahiyo TSH ikiwa KUBWA maana yake thairoidi imelegea, sio kwamba inafanya kazi sana. Kwa mtu mzima asiye mjamzito kiwango cha kawaida ni kama 0.4 mpaka 4, inategemea na mashine, soma kile kilichoandikwa pembeni ya jibu lako. TSH ikiwa juu tunapima na homoni yenyewe, ile FT4, kwa damu ileile, huchomwi tena. Na ukija na dalili zote alafu TSH ikawa kawaida bado mwambie daktari, maana kuna wachache shida yao iko kwa msimamizi mwenyewe, mfano mama aliyemwaga damu nyingi sana wakati wa kujifungua, hao TSH peke yake haiwaonyeshi.

Turudi kwa mama wa Mwaloni. Tulimtoa damu, kichupa kimoja tu, tukaiacha igande kama nusu saa, ikazungushwa, yale maji ya njano yakaingia mashineni. Jibu likaja TSH 3.6. Kawaida! Nilikuwa nimeshaandika karatasi, na yeye anatafuta simu kwenye mkoba amwambie mwanae, nikaona kopo. Nikamuuliza, mayu (mama), hizi dawa gani? Akasema za nywele, kanunuliwa na binti yake, anameza kila asubuhi na ya leo kameza. Nikageuza kopo nikasoma: bayotini, mikrogramu 10,000.

Hapo naomba kila dada anayesoma atulie. Bayotini ni vitamini, haina ubaya wake, ila mashine nyingi za kupima homoni zinatumia bayotini ndani ya kemikali zake, sasa damu yako ikija imejaa bayotini mashine inachanganyikiwa, TSH inasomeka ndogo kuliko ilivyo na FT4 inasomeka kubwa kuliko ilivyo. Yani mgonjwa anaonekana mzima. Na angalia mtego ulivyo, thairoidi ikilegea nywele zinatoka, nywele zikitoka unanunua vidonge vya nywele, vidonge vinaficha thairoidi. Tukamwomba aache vidonge arudi baada ya siku tano, wala hatukumlipisha tena maana kosa lilikuwa letu, hatukuuliza. Aliporudi TSH ilisoma 14 na FT4 iko chini. Tangu siku hiyo hatutoi damu ya thairoidi kabla ya kuuliza umemeza nini, na wewe usisubiri tukuulize. Vidonge vya nywele, vya kucha, vya ngozi, acha angalau siku mbili kabla, kama dozi ni kubwa acha zaidi.

Kufunga kula hakuna haja, kunywa chai yako uje. Ila kama una homa kali au umetoka kulazwa juzi, subiri upone kwanza, mwili ukiwa mgonjwa TSH inayumba yenyewe. Na niseme ukweli hata kama ni biashara yetu, watu wengi wanaokuja wamechoka hawana shida ya thairoidi. Wengi ni damu imepungua, au kichocho kwa sisi tunaooga na kufulia ziwani, au sukari, au ujauzito, au msongo wa mawazo. Ndo maana tukikuona tunaweza kukwambia tuanze na wingi wa damu.

Ile mashine ya kushika kichuma mkononi inayotoa karatasi ya magonjwa ya mwili mzima kwa dakika moja, hapana jamani. Homoni iko kwenye damu, bila damu hakuna jibu.

Wengi wanauliza thairoidi kulegea kunasababishwa na nini. Mara nyingi ni kinga ya mwili yenyewe inaishambulia tezi, ugonjwa unaitwa Hashimoto kwa jina la daktari wa Japani aliyeueleza mwaka 1912, na wanawake ndo unawapata sana. Nyingine ni upungufu wa madini joto. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunakula samaki kweli lakini sato na sangara ni wa maji baridi, hawana madini joto mengi kama wa baharini, na udaga wa mihogo ambayo haikulowekwa vizuri unaizuia tezi isiyapate hata hayo machache. Kwahiyo tumia chumvi yenye madini joto na uifunike vizuri mbali na moto. Ila usinunue matone ya madini joto ukajinywea mwenyewe, yakizidi nayo yanaivuruga tezi.

Sisi ni maabara, dawa hatutoi. Jibu likiwa sio zuri tunakuandikia uende kwa daktari, hospitali ya Sekou Toure au Bugando au unapotibiwa siku zote, na kama una ujauzito au unautafuta usichelewe hata wiki, maana mtoto miezi ya mwanzo anategemea homoni za mama. Ukipewa levothairoksini, ile dawa ya kufidia homoni ya thairoidi, meza asubuhi kwa maji matupu, chai isubiri nusu saa mpaka lisaa, na vidonge vya kuongeza damu viachane nayo masaa manne. Alafu rudi tupime tena baada ya wiki sita mpaka nane, kabla ya hapo TSH inakuwa bado haijatulia.

Mama yetu alirudi wiki ya saba. TSH ilikuwa imeshuka, bado haijafika, daktari akamwongezea dozi kidogo. Sweta alikuwa amelibeba mkononi.

Mnaotoka Nansio na Sengerema jitahidini mfike asubuhi, mtapata jibu siku hiyohiyo kabla hamjarudi. Na makopo ya vidonge vyote unavyomeza, hata vya mitishamba, njoo nayo.