Gololi inayopanda

Uyole, Mbeya
Julai 6

Kaka Baba Tumaini,

Ugonile. Huku hatujambo, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Najua nyinyi wa Matamba mnatucheka tukilalamika, kwenu barafu inalala juu ya majani ya viazi.

Siku ile ya arobaini ya mzee ulinivuta nyuma ya nyumba ukaninong'oneza kwamba gololi moja, yaani korodani, inapanda, hasa ukiendesha pikipiki alfajiri. Ukacheka, nami nikacheka. Njiani nikirudi nikajiona mjinga, maana hata mimi yangu imepanda miaka mingi na sikukwambia.

Iliyonisumbua ni ya kushoto. Enzi zile nabeba lumbesa, nikijikaza tu kunyanyua gunia inakimbilia kinenani na maumivu yanavuta hadi tumboni. Mzee mmoja wa dawa akaapa ni ngiri, akaniuzia mizizi ya kuchemsha. Nimekunywa miezi miwili. Kilichoshuka ni pesa.

Mwisho nikaenda hospitali. Daktari alianza kwa kufunga dirisha. Akasema kwa baridi ile hata zake zisingeonekana. Akanisimamisha, akanikohoza akitafuta ngiri, hakuiona. Kisha akaishusha korodani kwa vidole, taratibu, akaiachia. Ikakaa. Hicho ndicho alichokuwa anakitafuta.

Kumbe kuna msuli mwembamba unaoizunguka korodani na kuivuta juu. Mbegu hutengenezwa vizuri penye joto la chini ya mwili kwa nyuzi 2 hadi 4, ndiyo maana zinaning'inia nje. Baridi ikija msuli unavuta, joto likija unalegea. Unavuta pia ukishtuka, ukisisimka, hata paja la ndani likiguswa. Kwa watoto wa kiume una fujo sana, na wengi wakibalehe unatulia. Wa kwetu ndio haujasikia kwamba tumekua.

Altrasaundi ilionyesha zangu zote mbili zina ukubwa sawa, basi hakukata kitu. Ila aliniambia maumivu yakianza kunizuia kazi au unyumba nirudi, kuna upasuaji mdogo wa kuukata ule msuli usivute, au wa kuishona korodani ibaki mfukoni.

Sasa wewe. Jioni moja oga maji ya moto (si kwenye lile bafu lako la mabati linalopitisha upepo, omba shemeji akuwekee beseni ndani), halafu jishike polepole. Ikishuka na kutulia, tuko chama kimoja. Ikishuka ukaiachia ikaruka papo hapo, au isiposhuka kabisa, au ukiona ni ndogo kuliko mwenzake, njoo uonwe. Ukigusa kivimbe kigumu juu yake, hata kama hakiumi, usingoje kuvuna viazi. Na muulize mama, kama yuko tayari kuzungumza hayo, kama ulipozaliwa zilikuwa zimeshuka zote. Ambayo haikushuka tangu utotoni ni habari nyingine, hiyo ina hatari kubwa zaidi ya saratani na lazima daktari aijue.

Kuna jambo moja nalisema kwa ukali, unisamehe. Kijana wa jirani yangu, kidato cha pili, aliamka usiku anaumwa korodani moja, imepanda, imevimba, anatapika. Kwa aibu alisema ni tumbo. Wakampa maji ya moto, wakamwombea, wakamfikisha hospitali kesho yake mchana. Ilikuwa imejisokota, damu haipiti, ikabidi itolewe. Hiyo inataka ifunguliwe ndani ya saa 6 hivi, na mtu mzima naye inampata. Maumivu ya ghafla ya namna hiyo yakikujia, washa pikipiki ya mwenzio, akubebe wewe nyuma, usiku huohuo. Usinywe kitu cha kutuliza ukasema utaona asubuhi.

Kuhusu mdogo wake Tumaini kutokuja miaka minne hii, nimekuelewa ulikokuwa unaelekea ingawa hukumalizia. Usijihukumu. Kupanda na kushuka peke yake si ugumba, na Tumaini yupo. Lakini kipimo cha mbegu kipo, na ni vizuri mkaja wote wawili. Nimechoka kuona shemeji ndiye anayezungushwa kwa waganga peke yake, wewe umekaa kijiweni.

Njoo Alhamisi. Ukitoka huko na gari la alfajiri utanikuta stendi ya Uyole, nitakusindikiza mpaka mlango wa daktari, ndani utaingia mwenyewe. Vaa koti. Na viazi ukileta lete debe moja tu, mgongo wangu na ile ya kushoto tumeshaagana na lumbesa.

Msalimie shemeji na Tumaini.

Ndugu yako,
Baba Neema