Kwa wote tunaouguza nyumbani

Habari za jioni wapendwa. Wiki hii wengi mmeandika kuhusu mgongo, presha na kukosa usingizi. Kapimeni, ndiyo, ila tuangalie pia nani yuko karibu nanyi. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, waliwatia kijeraha kidogo mkononi wanawake waliokuwa wakiuguza ndugu waliopoteza kumbukumbu. Kilichelewa kupona kwa siku 9 hivi kuliko cha wenzao wasiouguza. Msongo unafika mpaka kwenye ngozi!

Na si kila ndugu anapunguza mzigo. Yule anayepiga simu kutoka mbali kuuliza "mbona mama amekonda?" bila kutuma hata nauli, huyo anauongeza (mnamjua, kila ukoo unaye). Afadhali jirani anayekaa na mgonjwa saa moja ukaoga na kujinyoosha. Kwa hiyo msiseme tu "nisaidieni", tajeni siku na kazi: "Shangazi, Alhamisi asubuhi njoo umwogeshe baba."

Jumamosi tunakutana saa 10 jioni, palepale. Asiye na wa kumwachia mgonjwa aniandikie pembeni leo, nimtafutie wa kumpokea.