Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwandishi Afike Mwenyewe

Ndugu wanachama, ndugu wajumbe wa kamati tendaji, na wazee wetu wa taaluma mlioitikia mwaliko,

Katiba ya chama chetu cha waandishi wa habari inanitaka niwaeleze tumefanya nini tangu mkutano mkuu uliopita. Mhazini atasoma hesabu, na katibu ameshagawa taarifa ya mafunzo na semina, kwa hiyo hayo sitayarudia. Nitazungumzia jambo lililokula muda na fedha zetu kuliko mengine yote: mwandishi kufika mwenyewe kwenye habari, kwa nauli isiyotoka kwa yule anayekwenda kumwandika.

Wengi wetu hapa ni waandishi wa kujitegemea. Tunalipwa kwa habari iliyotoka. Mhariri akiiweka kando, nauli ya bodaboda, bando na siku nzima uliyoshinda juani vimekwenda bure. Matokeo yake kila mmoja anayajua. Mheshimiwa akitoa gari, tunapanda. Asipotoa, tunasubiri ofisa habari atume taarifa kwenye kundi la WhatsApp, tunageuza aya ya kwanza, tunaipeleka kwa mhariri. Wananchi wanaisoma habari hiyo kesho yake bila kujua kwamba hakuna aliyewaulizia swali hata moja.

Ibara ya 18 ya Katiba ya nchi yetu, Tanzania, inampa kila raia haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Vikao vya baraza la madiwani navyo viko wazi kwa umma. Lakini mama anayeuza nyanya hawezi kufunga genge akasikilize mjadala wa ushuru wa soko, hata kama ushuru huo ndio utakaomla faida. Anahitaji mtu akae pale kwa niaba yake tangu sala ya kufungua kikao hadi hoja ya mwisho, ajue diwani wake alisema nini au alinyamaza vipi. Redio ya jamii ikilitangaza jambo hilo jioni kwa lugha anayoielewa, kesho ana la kumuuliza diwani. Kwangu mimi, thamani ya kazi yetu inaanzia hapo.

Ndiyo maana kamati tendaji ilianzisha mfuko wa nauli. Ni mfuko mdogo, unatokana na sehemu ya ada zenu. Umewapeleka wanachama kwenye vikao vya madiwani ambako kwa muda mrefu viti vya waandishi vilikuwa vitupu. Umewasaidia pia kuifuatilia ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hadi vijijini. Hapa naomba tuelewane, kwa sababu bado tunaliandika vibaya. Hati safi maana yake ni kwamba hesabu zimeandaliwa na kuwasilishwa kwa kufuata viwango. Haisemi kwamba kila shilingi ilikwenda ilikopaswa. Wanachama wetu waliisoma ripoti ya halmashauri moja yenye hati safi, wakazipitia hoja za ukaguzi ukurasa kwa ukurasa, kisha wakaenda kwenye kijiji kilichotajwa. Wakakuta jengo la zahanati limeishia kwenye lenta, na wajawazito wanaendelea kusafiri hadi kata ya jirani. Habari ilitoka, mafundi wakarudi kazini. Paa bado, na tutarudi kuliangalia.

Tumeitumia pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoitaka ofisi ya umma kumjibu mwombaji ndani ya siku 30. Ofisi kadhaa zilijibu vizuri, nazishukuru. Nyingine zilikaa kimya. Nawasihi msikate tamaa: andikeni barua, tunzeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kwa sababu ukimya wenye ushahidi nao ni habari.

Kuhusu Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, mnakumbuka kwamba Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua Machi 2019 kwamba vifungu vyake kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na Bunge likaifanyia marekebisho mwaka 2023. Tumepiga hatua, lakini kazi haijaisha.

Ndugu zangu, kufika mwenyewe kuna gharama ambayo mfuko wa nauli hauwezi kuilipa. Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa Septemba 2, 2012 katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, akiwa kazini. Alikuwa mwenyekiti wa waandishi wenzake mkoani Iringa, nafasi kama hii niliyo nayo. Askari polisi mmoja alifungwa miaka 15 kwa kifo hicho. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeripoti mauaji ya Kibiti, mkoani Pwani, kwa gazeti la Mwananchi, hajaonekana tangu Novemba 21, 2017. Familia yake bado inadai jibu, na sisi tunalidai pamoja nayo. Mwaka 2008 Vicky Ntetema, wakati huo akiwa BBC, alijifanya mteja akaenda kwa waganga waliokuwa wakifanya biashara ya viungo vya watu wenye ualbino. Alitishiwa maisha. Taarifa kama ile isingeweza kuletwa na ofisa habari yeyote.

Kwa hiyo suala la bahasha, yaani hela tunazopewa na wale tunaowaandika, nitalisema waziwazi. Ninaijua njaa ya mwandishi asiye na mshahara, na simhukumu mtu kwa umaskini wake. Lakini anayepokea hela ya aliyemwandika amekwisha kuuza swali lake la pili, lile ambalo msikilizaji alikuwa analisubiri.

Kamati inaleta kwenu mapendekezo matatu. Kwanza, ada ipande kidogo na nyongeza yote iende kwenye mfuko wa nauli. Pili, tupewe idhini ya kuzungumza na wamiliki wa vyombo kuhusu mikataba ya maandishi kwa wawakilishi wa wilayani, pamoja na bima ya afya. Tatu, kila anayekwenda eneo lenye hatari amwachie katibu taarifa ya anakokwenda na saa ya kurudi, na katibu awe na wajibu wa kupiga simu.

Ndugu wanachama, naomba kuwasilisha.