Benchi la tatu: barua ya wazi kwa wanakwaya na akina mama wa usharika wetu

Wanangu wa kwaya, na ninyi dada zangu wa Umoja wa Wanawake,

Bwana Yesu asifiwe.

Jambo hili nimelala nalo wiki tatu. Nilitaka kulisema kwenye mazoezi, nikajijua: ningepandisha sauti au ningelia, na kote kuwili msingenisikia. Basi naandika. Naandika wazi kwa sababu lililotendeka lilitendeka mbele ya watu, na sidhani kama ni kwetu tu linakotendeka.

Jumamosi ile ya kupima sare, fundi alikaa penye mlango wa sakristia, futi kamba shingoni, na kijana wake wa daftari kando. Kila aliyesimama alitajiwa vipimo kwa sauti ili yule wa daftari aandike: kifua, kiuno, nyonga. Ikafika zamu ya binti yetu wa sauti ya kwanza. Kamba ikazunguka, fundi akasema, "Nyonga hamsini na mbili." Kijana wa daftari akauliza, "Ngapi?" Fundi akarudia kwa sauti zaidi. Kwenye benchi likatoka neno, "Huyo mkatie doti mbili!" Mkacheka. Mwingine akasema vitenge mwaka huu vitatumaliza. Binti naye akacheka. Mimi nilikuwa karibu naye. Alikuwa bado ameinua mikono kama fundi alivyomwagiza, hajui aishushe au aiache, na kidole gumba chake kilikuwa kinasugua kidole cha shahada bila kukoma. Akavaa viatu, akamlipa mweka hazina mchango wake wote wa sare, akaondoka. Jumapili tatu sasa hajaonekana.

Mtasema ulikuwa utani. Utani naujua, nimezaliwa ndani yake. Mtani ukimrushia neno anakurudishia, mnacheka wote wawili, mnaagana salama. Niambieni, yule mtoto alikuwa na neno gani la kuwarudishia, amesimama pale amefungwa kamba kiunoni?

Tazameni hata majina tunayotumia. Mafuta ya kiunoni mwa mtu tumeyaita "nyama uzembe". Mtu hajafungua mdomo, hajaulizwa anaamka saa ngapi, tayari ameshahukumiwa uvivu kwa jina la nyama yake. Nawafahamu akina mama wenye hiyo nyama wanaoamka saa kumi alfajiri, wakapalilia migomba, wakatwika mkungu hadi sokoni, na Jumamosi jioni ndio wanaodeki kanisa mnalokuja kuimbia. Na mwembamba naye hatumwachi. Kimbaumbau. Amekwisha. Upepo utambeba huyo. Sijui ni mwili wa unene gani ambao ukipita mlangoni mwa kanisa letu hausemwi.

Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa, kwa hiyo niwasimulie. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, na ni hapa kwetu Kagera. Watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha mtindo kilichokuwa kikiingia kwa magendo kutoka Uganda. Waganda wenyewe waliuita Slim, yaani wembamba. Ukikonda tu, habari yako ilikuwa imeandikwa. Ukiwa na malaria iliyokutesa, ukiwa na kifua kikuu, ukiwa na vidonda vya tumbo, ukiwa na msiba, watu walikutazama mifupa ya shingo wakajua wanachotaka kujua.

Mwaka 1991 kwaya yetu ilikuwa na mama mmoja ambaye alikuwa amemzika mumewe miezi mitano tu. Alipukutika mbele ya macho yetu. Gauni la sare likawa linamning'inia, akawa analibana kwa pini mgongoni. Mimi na yeye tulizoea kukaa benchi la tatu, upande wa akina mama. Jumapili moja nilifika nikamkuta ameshakaa. Nikamvuta mwanangu mkono, nikakaa mwisho kabisa wa benchi. Nilikuwa muuguzi, mwaka wa kumi na tatu kazini. Nilikuwa nawafundisha wengine kwamba virusi havihami kwa kukaa benchi moja, wala kwa kupeana mkono, wala kwa kushirikiana kikombe. Nilijua, na bado nilisogea.

Hakufa. Hakuwa hata na virusi. Alikuwa hali tu. Akiketi mezani anakiona kiti cha marehemu, na tonge halipiti. Miaka mingi baadaye tulikuwa tunamenya ndizi za harusi, mimi na yeye na sufuria katikati, akaniambia bila hasira yoyote, "Siku ile nilihesabu. Kati yangu na wewe palikuwa na nafasi ya watu wawili." Nilimwomba radhi kisu kikiwa mkononi, utomvu umenijaa vidoleni. Akasema yameisha, tukaendelea kumenya. Kwake yameisha. Mimi ile nafasi ya watu wawili naiona hadi leo nikiingia kanisani.

Na hata angekuwa na virusi, nafasi ile ingekuwa dhambi ileile. Nalitaja hili kwa sababu kuna mmoja wenu aliyejitahidi kumtetea binti yetu. Alisema tumhurumie, huenda ni sindano ya uzazi wa mpango, huenda ni homoni. Alisema kwa nia njema, na kitaalamu hakukosea: sindano ile huwaongezea wengine uzito, vidonge vya prednisolone huongeza, insulini huongeza, tezi ya shingoni ikilegea kazi mtu hujaa bila kubadili sahani yake. Lakini je, kama hana cheti cha daktari? Kama ana umbo la bibi yake mzaa mama, au anapenda chakula tu? Hapo ndipo tupate ruhusa ya kumcheka? Mimi sitaki asamehewe unene kama kosa lenye udhuru. Nataka aachwe aimbe.

Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, watu walirudisha miili, tukaimba nyimbo za shukrani, na kweli palikuwa na la kushukuru. Hata hivyo macho yale hayakupumzika. Mojawapo ya dawa za mwanzo, stavudine, iliwanyonya baadhi ya watu mafuta ya mashavu na miguu, na wengine wakaota matumbo, na mtaani wakajifunza kumsoma mtu kwa mashavu. Niliwahi kumpokea mama aliyekuwa ameacha dawa miezi miwili kwa ajili ya hayo mashavu. Fikirini: dawa inamweka hai, yeye anaiacha kwa kuogopa macho ya watu wa ibada.

Sasa nije kwenye furaha, maana hapa tunajidanganya sana. Bibi harusi akirudi nyumbani baada ya miezi mitatu amenenepa kidogo, tunapiga vigelegele: ndoa imemkubali. Akirudi amepungua, tunanong'ona kwamba kule kuna jambo. Mwili wa mtu tumeufanya ndio ripoti ya moyo wake. Miaka yangu wodini ilinionyesha vingine. Nimewahudumia akina mama wanene ambao hawakuwa wamelala usingizi kamili mwaka mzima. Mmoja aliniambia anakula saa sita usiku, amesimama jikoni gizani, kwa sababu hiyo ndiyo saa pekee ambayo hakuna anayemwita. Na nimewajua wembamba kama ufito waliocheka toka rohoni hadi tukawafukuza wodini usiku ili wagonjwa walale.

Ninyi vijana mmeligeuza, siku hizi anayepungua ndiye anayepongezwa. Nakumbuka Jumapili moja dada yetu mmoja alizungukwa pale nje kwenye mwembe: "Umependeza! Umepunguaje? Tupe siri!" Watu watano walimsifu, nikahesabu. Mimi nilikuwa nimemtazama ibada nzima. Alitoka nje kukojoa mara tatu na chupa yake ya maji aliimaliza kabla ya mahubiri. Jumatatu nilimshika mkono hadi zahanati. Sukari ilisoma 27, na alikuwa hajala kitu tangu usiku. Mtu ambaye hajala tangu usiku hatakiwi kufika hata 7. Kile tulichokuwa tunakipigia makofi ni mwili unaojila wenyewe.

Someni tena Samweli wa Kwanza, sura ya kwanza, na safari hii someni polepole. Hana anachokozwa na mke mwenzake, analia, hali. Mumewe anamuuliza kwa nini huli, kwa nini moyo wako una huzuni. Anakwenda hekaluni, anaomba kimoyomoyo, midomo inacheza bila sauti. Na kuhani Eli amekaa pale mlangoni anamtazama kinywa. Anatazama midomo, anakata shauri kwamba mwanamke huyu amelewa, na anamkemea. Huyo ni kuhani. Miaka mingi katika nyumba ya Mungu, na hakujua kutofautisha kulewa na kulia. Hana akamjibu kwa adabu: mimi ni mwanamke mwenye huzuni rohoni mwangu. Ninachompendea Eli ni kinachofuata. Hakung'ang'ania. Hakusema "lakini ulionekana umelewa". Alimwambia enenda kwa amani, akambariki. Hana akaenda zake, akala.

Akala! Neno hilo nilikuwa nalipita kila mwaka. Chakula kilirudi mdomoni mwake siku ambayo mtu mmoja wa dini aliacha kumhukumu.

Najua yupo atakayenikumbusha kwamba Eli mwenyewe Biblia inamtaja kuwa mzito, na kwamba Mungu aliishtaki nyumba yake kwa kujinenepesha. Ni kweli, imeandikwa. Lakini kosa lililotajwa pale ni wanawe kuwanyang'anya watu nyama ya dhabihu kwa nguvu. Ni wizi. Hakuna aliyefikishwa mbele za Mungu kwa inchi za kiuno. Na ile "mwili ni hekalu" ambayo mhubiri mmoja mgeni aliisema huku akiangalia safu ya mbele ya sopreno, isomeni kuanzia mstari wa nyuma yake. Paulo alikuwa anawaonya Wakorintho juu ya zinaa.

La kufunga nalo nilimalize hapahapa. Baada ya maombi ya siku ishirini na moja nilisikia, "Angekuwa amefunga kweli angebaki vile?" Bwana wetu aliagiza mfungaji anawe uso na kujipaka mafuta kichwani ili watu wasimtambue. Sasa sisi tunautafuta mfungo wa mtu kwenye mashavu yake, na yeye alishaambiwa aufiche.

Msije mkasema bibi anafundisha kuwa uzito si kitu. Presha ninaijua, imewachukua rafiki zangu. Sukari ninaijua. Magoti yangu yenyewe hunikumbusha kila ngazi. Uzito unaozidi huongeza hayo, na anayetaka kupungua namuunga mkono, nitatembea naye hadi ziwani asubuhi, polepole. Lakini mizani ina mahali pake: zahanati, mlango umefungwa, watu wawili. Kuna mama aliyekaa miaka minne bila kupimwa presha kwa sababu mara ya mwisho alipandishwa kwenye mizani foleni nzima ikisikia kilo zake. Alipoletwa alikuwa ameshapooza mkono. Aibu haijawahi kumpunguza mtu kilo moja mbele yangu. Imewafukuza tu kliniki, na sasa naona inawafukuza kanisani.

Tena sisi wenyewe ndio tunaolishana. Nani kwenye jumuiya zetu humkubalia mgeni aache ndizi kwenye sahani? "Umekula kama ndege, umetudharau, ongeza." Chai vijiko vinne, maandazi, soda juu yake, na msimu wa senene ndiyo usiseme. Tukimaliza kumshindilia, akitoka mlangoni tunamcheka alivyo. Anayesema nimeshiba tumwamini. Anayeongeza tumwache aongeze.

Wanaume wa kwaya, hamjatajwa ila mlikuwepo. Yule aliyesema la doti mbili ni wenu. Sitamtaja, anajijua, na jana amenijia nyumbani. Tumezungumza.

Nimeongea na fundi. Vipimo vilivyobaki atavichukulia nyumbani kwangu, chumbani, mmoja mmoja, naye ataandika mwenyewe kimyakimya. Vitenge tukipungukiwa, nitaongeza kwenye pensheni yangu. Binti yetu nilimwendea Jumanne. Hakunipa jibu la kurudi, nami sikumshurutisha. Tuliketi, tukaongea habari za mama yake. Nilipoondoka alinisindikiza hadi barabarani.

Jumapili nitakaa benchi la tatu, karibu na ukuta, na kando yangu nimeacha nafasi ya mtu mmoja. Msiikalie. Vipimo ni Jumamosi saa tisa alasiri. Chai itakuwepo, na sukari nitaiweka mezani, kila mtu atie yake.

Mimi bibi yenu,
muuguzi mstaafu, Bukoba