Nimelipa, mbona CRB bado nadaiwa?

Mhariri,

Juni 2024 niliingia benki moja hapa Nakuru kuomba mkopo wa shilingi 150,000. Mimi na dada yangu tulikuwa tumepata mashine ya kusaga mahindi kwa bei nafuu, na mwenyewe alitupa wiki tatu tulete pesa. Afisa wa mikopo alibonyeza kompyuta yake, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa upole: "Mwalimu, umeorodheshwa CRB." CRB ni mashirika yanayotunza rekodi za mikopo ya watu na kuwaonyesha wakopeshaji. Deni lenyewe lilikuwa shilingi 4,800.

Nililijua deni hilo. Nilikopa kwa simu mwaka 2022, shule ya kibinafsi ninakofundisha ilipochelewesha mishahara. Nilipitisha tarehe ya kulipa, sikatai. Lakini nililipa kwa awamu tatu nikamaliza Agosti mwaka huo huo, na ujumbe wa M-Pesa ninao hadi leo. Kwenye ripoti nilikuwa ningali mdaiwa.

Kusahihisha kulinichukua wiki tisa. Mkopeshaji alinituma CRB. CRB wakaniambia wao hupokea taarifa tu, aliyeileta ndiye wa kuibadilisha. Nilituma ule ujumbe wa malipo mara nne. Shirika moja liliporekebisha, jingine lilikuwa bado na taarifa ya zamani, nikaanza upya. Mashine ilishachukuliwa na mtu mwingine.

Wengi wetu hudhani taarifa mbaya hujifuta yenyewe miaka 5 baada ya kuorodheshwa. Sivyo. Kanuni zinahesabu miaka 5 tangu siku deni lilipolipwa. Sasa mkopeshaji asipopeleka habari kwamba umelipa, hesabu hiyo haianzi. Yangu inapaswa kwisha Agosti 2027. Nisingeomba mkopo, nisingejua, na mwaka 2030 ningekuwa bado naitwa mdaiwa kwa deni nililomaliza zamani. Ni wangapi wako hivyo, na hawajui kwa sababu hawajawahi kuiona ripoti yao?

Siombi deni la kweli lifichwe. Mtu anayenikopesha ana haki ya kujua kwamba niliwahi kuchelewa. Ndiyo maana nawasihi wasomaji wajihadhari na wale wanaoahidi "kukusafishia jina CRB". Mmoja aliniitisha shilingi 3,000 nikiwa nimekata tamaa, na nilikaribia kumtumia. Rekodi ya kweli hafuti mtu wa mtaani. Ya uongo nayo ni haki yako isahihishwe: Katiba, Kifungu cha 35(2), inampa kila mtu haki ya kutaka taarifa isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomuathiri isahihishwe au ifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema vivyo hivyo. Na kila mwaka una haki ya kupata ripoti yako mara moja bila malipo. Iombe hata kama huna haja ya mkopo, na usifute ujumbe wa malipo kwenye simu.

Benki Kuu imewahi kuonyesha kwamba inaweza kuchukua hatua. Kanuni za 2020 zilikataza kuorodhesha mtu kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Novemba 2022 ukaja mpango wa mikopo ya simu ambapo benki zilipunguza deni kwa nusu. Nilifurahi kwa ajili ya waliosaidika. Lakini mpango huo uliwalenga waliokuwa bado wanadaiwa. Sisi tuliokuwa tumelipa yote na majina yetu yakabaki, haukutugusa.

Mkopo wa simu hutoka kwa dakika moja. Ukichelewa, faini huongezwa usiku huo huo bila mtu kuinua kalamu. Mitambo hiyo hiyo ishindwe vipi kutuma habari kwamba deni limekwisha? Naiomba Benki Kuu imtake mkopeshaji apeleke taarifa hiyo kwa mashirika yote ya CRB ndani ya saa 24 baada ya kupokea shilingi ya mwisho, amtumie mteja ujumbe wa kuthibitisha, na kila siku anayochelewa atozwe faini, ilipwe kwa mteja mwenyewe.

Mwalimu,
Nakuru