Utepe wa maabara unakatwa, kemikali nani ananunua?

Ndugu mhariri, habari za kazi. Mimi ni fundi maabara mstaafu, nimefanya kazi kwenye maabara ya kemia ya chuo kimoja cha umma huko Dar miaka mingi tu, sasa hivi nipo nyumbani Ujiji nafuga kuku. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu, nikizidisha maneno mtakata wenyewe.

Huku kwetu stori ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili inayojengwa hapa Kigoma, kwa hela za mradi wa HEET, ule wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Nafurahi kweli, nani asifurahi, mtoto wa Buhigwe asome udaktari bila kupanda treni siku mbili. Ila mimi nikisikia neno maabara mpya moyo unashtuka kidogo, maana nimeshaona tepe nyingi zikikatwa na nimeshaona pia kinachofuata mwaka wa tatu.

Watu wanadhani maabara ni mashine. Mashine inakula, ndugu zangu. Chukua ile tunayoiita HPLC, ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika kwenye dawa au mafuta au majani ya mti shamba, kila siku inayofanya kazi inakunywa kimiminika cha asetonitraili au methanoli na sio ya kuokoteza, lazima iwe safi ya daraja lake, halafu kolamu yake, ule mrija wa ndani unaotenganisha vitu, inachoka, taa yake ya ndani nayo ina masaa yake, ikifika elfu moja au mbili hivi inaanza kufifia na majibu yanaanza kuyumba. Kwetu taa iliungua, mashine tuliyopewa na wafadhili tukaifunika kitambaa cheupe kama maiti, miaka miwili. Wageni wakija tunafunua, wakiondoka tunafunika.

Na hata hela ukiwa nayo bado. 2008 kuelekea 2009 asetonitraili iliadimika dunia nzima, sababu yenyewe inachekesha, ile kemikali haitengenezwi kwa ajili yetu, ni masalia tu yanayotoka viwandani wanapotengeneza kitu kingine cha kuundia plastiki na nyuzi, sasa uchumi wa dunia ukayumba, magari hayanunuliwi, plastiki za magari hazitakiwi, na China nao walikuwa wamefunga viwanda vingine wakati wa Olimpiki ya Beijing, basi masalia yakapungua. Mtu hajanunua gari Marekani, mwanafunzi wa kemia Dar anakosa kumaliza digrii. Tulikuwa tunapima kwa mililita kama mama anayegawa uji.

Nitawapa mfano wa karibu. Kulikuwa na binti mmoja wa masters, kwao Kasulu, alitaka kujua mawese yetu yanaharibika wapi, shambani au kwenye pipa. Swali zuri sana hilo. Chikichi ikishavunwa ndani yake kuna kimeng'enya kinachoanza kuyakatakata mafuta, asidi zinaongezeka, na ikipondeka au ikilala chini siku nyingi ndo balaa zaidi, na wamama wetu wanaiacha mikungu ilale makusudi ili matunda yachomoke kirahisi. Ukiwahi kuchemsha kile kimeng'enya kinakufa. Kwahiyo mtu akikuonyesha kwa namba kwamba siku ya pili ni kiasi hiki na siku ya tano ni kiasi hiki, mkamuaji wa Mwandiga anajua lini awashe moto, na bei anayopewa na mnunuzi wa kiwandani inabadilika.

Binti akaja na sampuli kwenye chupa za maji ya kunywa zimefungwa na nailoni, begi lote lilikuwa limelowa rangi nyekundu. Kipimo chenyewe cha asidi sio cha ajabu, ni taitresheni ya form six, unayeyusha mawese kwenye spiriti ya moto, unatia matone ya fenolfthaleni, unadondosha soda kostiki kutoka kwenye bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo na bomba chini, mpaka igeuke pinki. Tatizo mawese yenyewe mekundu, pinki utaionaje? Tulihangaika siku nzima mpaka tukagundua upunguze sampuli na uweke karatasi nyeupe chini ya chupa, tone moja moja, akiniuliza "baba imegeuka?" namwambia bado mwanangu, tingisha. Spiriti ya maabara ikaisha wiki ya pili. Bajeti ya idara hakuna, fomu ya manunuzi inazunguka ofisi nne, akapiga simu kwao mama yake akauza madumu mawili ya mafuta akatuma hela. Yaani mawese yakauzwa ili mawese yapimwe. Ile sehemu ya kupima karotini, kile kinachofanya mawese yawe mekundu na mwili unakigeuza kuwa vitamini A, aliiacha kabisa kwa sababu ya ile mashine ya kitambaa.

Sasa mwaka 2022 Waziri wa Elimu Profesa Mkenda alitangaza zawadi ya milioni 50 kwa mtafiti atakayechapisha kwenye majarida makubwa ya dunia. Mimi sipingi, mtu akifika apewe maji ya kunawa. Ila milioni 50 ni ya aliyeshafika, yule aliyekwama njiani kwa kukosa lita mbili na nusu za spiriti hayumo. Na zawadi haiwataji mafundi, sisi kwenye makala huwa tunaandikwa "tunawashukuru wafanyakazi wote wa maabara", jina hakuna, miaka yote ile nimeliona jina langu mara mbili na moja walikosea.

Mtu asiniambie Mtanzania hawezi. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, mtoto wa Karatu, na chujio lake la maji la nano alishinda tuzo ya Africa Prize ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015, pauni 25,000. Wanaposifia wanasema linarekebishwa kufuata maji ya eneo husika, sawa, ila huwezi kurekebisha bila kwanza kuyapima maji yana nini, na kupima ndo huko kwenye chupa za kemikali tunakosema. Wasweden wametubeba kwenye utafiti wa vyuo tangu miaka ya 1970, Mungu awabariki, ila nimeona mradi wao ukiisha jinsi friji ya sampuli inavyogeuka kuwa ya kuwekea soda za mahafali.

Ombi langu ni dogo. Mkoa huu serikali imeuingiza kwenye kampeni ya michikichi tangu 2018, TARI Kihinga, wale wa utafiti wa kilimo, wanagawa miche ya tenera, michikichi chotara yenye mafuta mengi, halmashauri zinakusanya ushuru wa mazao. Kwenye huo ushuru watenge fungu, hata liwe dogo, la kulipia kemikali za wanafunzi wanaopima mawese, mise (kokwa za chikichi) na dagaa wetu, walipe risiti moja kwa moja kwa muuzaji, wasimpe mtu posho wala wasifanye semina. Na nyie waandishi siku ya kuzindua maabara pale kampasi, msiulize jengo limegharimu bilioni ngapi. Ulizeni kemikali na service za mwaka wa pili zimetengewa shilingi ngapi, na fundi wa kuzitunza ameajiriwa au bado.

Yule binti alimaliza, na taitresheni yake peke yake. Sa hivi anafundisha sekondari moja huku huku Kigoma, na kila mitihani ya praktiko ikikaribia anamtuma kijana na bodaboda kuja kwangu kuazima bureti. Ninazo mbili, moja bomba lake linavuja.

Fundi maabara mstaafu,
Ujiji, Kigoma