Risala ya Kikundi cha Walezi wa Wagonjwa wa Afya ya Akili kwa Mheshimiwa Mbunge, 10 Oktoba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mbunge wetu, Mheshimiwa Diwani, Mganga Mfawidhi, viongozi wa dini, ndugu waalikwa. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kufika. Kikundi kilianza na akina mama 6, leo tuko 41. Mafanikio ni makubwa: tuna katiba, akaunti benki, mradi wa kuku unaosifika kata nzima, na vijana 2 waliokuwa wakifungwa kamba nyumbani sasa wanalima na wenzao.

Mheshimiwa, vijana hao walifunguliwa na dawa. Na dawa ndiyo shida yetu.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawasamehe wagonjwa wetu gharama za matibabu. Tunaishukuru Serikali. Lakini tukifika dirishani tunaambiwa, "Dawa hakuna, kanunueni nje." Haloperidoli, dawa ya kutuliza ugonjwa wa akili, hakuna. Sindano ya mwezi hakuna. Huko nje ni duka la dawa, na dukani msamaha haupokelewi. Mgonjwa akikosa sindano mwezi mmoja, mwezi wa pili halali usiku, wa tatu majirani wanaleta kamba. Kumpeleka Hospitali ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma, na wasindikizaji wawili, mama anauza mahindi ya chakula. Sheria ya Afya ya Akili ipo tangu mwaka 2008, naye bado anauza mahindi. Hatumlaumu muuguzi wetu, anatoa kilicholetwa.

Mwaka juzi mgeni rasmi alituahidi kwamba suala hili linafanyiwa kazi. Mwaka jana tuliahidiwa tena, tukapiga makofi. Nakala za risala zote mbili tumeziambatanisha.

Mheshimiwa, wewe ni mjumbe wa Baraza la Madiwani. Tunakuomba usimame humo, dawa hizi zipate fungu lake katika bajeti ya halmashauri na ziagizwe Bohari ya Dawa bila kukosa, kama za malaria. Na bungeni utuulizie: Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itamsaidiaje mwenye kadi ambaye kituo chake hakina dawa yake?

Saruji uliyotuletea tunaipokea kwa mikono miwili. Ungetuuliza, tungeomba sindano kwanza.

Tunakuomba, utakaposimama kuzungumza, ututajie mwezi ambao dawa zitakuwepo. Mwezi huo tutakwenda kituoni na kadi za wagonjwa wetu wote.

Tunaomba kuwasilisha.